Kwa nini kijana mwenye hofu akifika kitengo cha akili anaandikiwa kila kitu isipokuwa hofu?

#1 ShangaziWaKireka
Wadau, habari za jioni. Nina binti wa kaka yangu, miaka 15, yuko S.2, yaani kidato cha pili, shule ya bweni upande wa Mukono. Tangu mwaka uanze, kila siku ya kurudi shule ikikaribia tumbo linamkaza, moyo unamwenda mbio, vidole vinakufa ganzi. Mara mbili ameanguka mstarini. Ametibiwa malaria mara tatu, taifodi mara mbili na alsa, yaani vidonda vya tumbo, mara moja. Mwishowe daktari mmoja mzee akatuambia mpelekeni kitengo cha akili, na kaka yangu akakubali bila ugomvi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Wa kwanza kumwona aliandika kifafa, akampa karbamazepini. Mwezi uliofuata, chumba kilekile, mwingine akaweka alama ya kuuliza kwenye kifafa na kuandika sonona. Wa tatu akasema ni mambo ya wasichana wa umri huo, akatoa vidonge vya usingizi. Faili lake sasa ni nene kuliko la babu yake mwenye sukari. Katika karatasi zote hizo neno hofu halimo, wakati mtoto ukikaa naye jikoni kitu cha kwanza anachosema ni "shangazi, naogopa".

Inakuwaje? Jina la hospitali sitaji, na naomba msilibahatishe. Nataka kuelewa tu.

#2 BodaWaMbale
Alsa mara moja tu? Mshukuruni Mungu. Mimi niliambiwa nina alsa na presha siku moja, na nilikuwa nimekwenda kung'oa jino.

#3 MuuguziWaMagharibi
Shangazi, pole. Nafanya kazi kitengo cha akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Nikueleze mambo yalivyo upande wetu wa meza.

Wengi hawajui kwamba kwetu Uganda kifafa kinatibiwa dirisha moja na magonjwa ya akili. Siku ya kliniki ukihesabu waliokaa kwenye benchi, sehemu kubwa wamekuja kuchukua dawa za kifafa. Sasa mtoto akiletwa na neno "anaanguka", mkono wa anayeandika umeshazoea njia. Halafu pembeni kuna kijana kaletwa kafungwa kamba, kavunja vioo vya jirani. Kuna msichana hajalala siku sita anahubiri barabarani. Wako aliyeinamisha kichwa kimya anaonekana ndiye mzima kuliko sote pale, sisi wauguzi tukiwemo. Anapata dakika kumi, na nane kati ya hizo anaongea mzazi.

Mzazi naye anasema anachokiona: kaanguka, kakataa kula, kafeli. Hofu haionekani, anaijua mwenye nayo. Mimi nikipata upenyo namwomba mzazi atoke nje kidogo, na swali langu la kwanza kwa mtoto ni "kuna kitu gani siku hizi unakikwepa?" Utashangaa majibu.

#4 AfandeBombo
Wasiwasi si ugonjwa. Mimi nikiwa na miaka 14 nilikuwa msituni Luwero nimebeba bunduki ndefu kuliko mimi. Kadogo, askari watoto, tulikuwa wengi, hakuna aliyeshikwa tumbo Jumapili jioni. Watoto wa leo wanapewa simu na kuku wa kukaanga, kisha wanaogopa darasa. Mpeni jembe wiki mbili.

#5 BodaWaMbale
Afande shikamoo. Ndiyo maana baa unakaa umeegemea ukuta unatazama mlango?

#6 AfandeBombo
Marahaba. Hayo ni mafunzo.

#7 MwalimuBusia
@AfandeBombo mzee wangu, heshima yako, lakini darasa la leo hulijui. Ninafundisha sekondari mwaka wa 17 huu. Mtoto wa bweni anaamshwa saa kumi alfajiri kwa masomo ya kujisomea, analala saa nne au saa tano usiku. Matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, yakitoka, shule zinabandika picha za waliofaulu kwenye mabango ya barabarani, na asiyekuwepo kwenye bango anajua kwamba kijiji kizima kimemtafuta hakikumwona.

Ongeza kile kifungo cha korona. Shule zilifungwa mwaka mzima wa 2020, watoto waliporudi hawakuwa walewale. Nilipokea wanafunzi wa S.1 ambao hawakuweza kukaa kwenye chumba chenye watu 80 bila kutoka jasho. Kwangu hiyo ndiyo sababu, na sidhani kama ni kosa la daktari kuliko letu.

#8 MwanafunziWaTiba
Mwalimu, nikurekebishe kidogo: haikuwa mwaka mzima, ilikuwa karibu miwili. Zilifungwa Machi 2020, wa madarasa ya mitihani wakarudishwa kwa vipande, zikafungwa tena Juni 2021, na zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kuliko sisi.

Ila hofu ya watoto haikuletwa na korona. Dk. Catherine Abbo na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2013, kabla hatujalisikia neno korona, wa watoto na vijana wa vijijini kaskazini mashariki mwa Uganda. Asilimia 26.6 walikuwa na aina fulani ya ugonjwa wa wasiwasi, wasichana zaidi kuliko wavulana. Mmoja kati ya wanne, na ni vijijini ambako hakuna bango la UNEB.

#9 MwalimuBusia
Asante kwa tarehe. Lakini kaskazini mashariki walikuwa na vita na wizi wa ng'ombe, usinifanye niamini kwamba watoto wale walikuwa wanaogopa hewa.

#10 MwanafunziWaTiba
Sijasema hewa. Hoja yangu kwa mleta uzi ni hii: ukiwakuta mmoja kati ya wanne kijijini, kisha ukafungua rejista ya kitengo cha akili ukakuta karibu hakuna, ujue hawakupona njiani. Hawakuulizwa. Watafiti walikaa na maswali yaliyopangwa, wakauliza moja baada ya jingine. Daktari wa kliniki anauliza kinachomjia kichwani, akishapata jina moja la ugonjwa anafunga faili. Hili hutokea Ulaya na Marekani pia, mgonjwa akiulizwa kwa orodha kamili majina yanaongezeka.

#11 MuuguziWaMagharibi
Tatizo lako mdogo wangu unazungumza kama mtu ambaye hajakutana na benchi la Alhamisi. Orodha kamili ni saa moja na nusu kwa mtoto mmoja. Mabingwa wa akili nchi hii wanahesabika kwa makumi, wengi wako Kampala, na sensa ya 2024 imetukuta watu milioni 45.9. Anayemwona mtoto huku mikoani ni afisa tabibu wa akili au mimi. Orodha naijua. Nionyeshe hiyo saa na nusu.

#12 KijanaWaNakivale
Jambo kwenu bote. Mimi niko na miaka 19, tulitoka Masisi, Kongo, nikiwa na 11. Nitasema yangu.

Nilikuwa nasikia moyo inapiga mpaka masikioni, usiku na mchana, na pumzi haifiki chini. Nilikuwa najua nitakufa ile dakika. Kila mara. Walinipeleka kwa daktari, na akisikia tu Masisi, akasema: vita. Aliandika ugonjwa wa walioona vita. Hakuniuliza kingine. Kweli niliona vita, siwezi kukataa. Lakini ile kitu ilinishika mara ya kwanza nikiwa kwenye foleni ya posho, miaka minne baadaye, jua kali, sijala, na batu wananisukuma. Na kisha ile siku sikuogopa vita tena, niliogopa foleni. Nikaacha kwenda kwenye foleni, nikaacha soko, nikaacha kanisa. Mama alikuwa anaenda kuchukua chakula na mtoto mgongoni sababu mimi kijana mzima niko ndani ya hema.

Kwa hiyo Shangazi, mtoto wako walimpa majina mengi, la hofu hakuna. Mimi walinipa jina haraka sana. Nafikiri ni kitu kimoja.

#13 MswahiliWaTanga
Ndugu yangu wa Nakivale, pole sana. Hiyo "kwenu bote" na "batu" nimeisamehe kwa sababu umeandika kuliko sisi tuliosoma.

Niseme la lugha, maana ndiko riziki yangu iliko, natafsiri hapa Kampala. Neno wasiwasi kwa Kiswahili ni jepesi mno. "Usiwe na wasiwasi" tunamwambia mtu aliyeagiza chai ikachelewa. Daktari akimuuliza mtoto "una wasiwasi?" mtoto atajibu hapana, kwa adabu. Kwa Kiganda wanasema okweraliikirira, lakini wenyewe wananiambia hiyo ni kuhangaikia jambo unalolijua: karo, mgonjwa, mvua. Hofu isiyo na jambo, ile inayokuamsha usiku ukaanza kuitafutia sababu, haina neno lake. Kwa hiyo inasemwa na mwili: kichwa, tumbo, moyo. Na mwili ukisema, Uganda hii jibu ni malaria.

#14 UstadhArua
Neno lenyewe asili yake Kiarabu, waswasi, minong'ono ya shetani kifuani. Wazee wetu walilijua kabla ya kliniki. Mimi huletewa vijana nisomee, na simzuii mtu kwenda hospitali, niwekeni wazi hapo. Lakini kuna kijana aliyekuwa anatawadha mara 30 kwa sala moja, ngozi ya mikono imechubuka. Hospitalini walimpa dawa ya kichaa, akawa analala mchana na akiamka anaendelea kutawadha. Je, huyo naye ni hofu?

#15 MwanafunziWaTiba
Ustadh, huyo ana jamaa ya hofu, ndiyo. Vitabu vya zamani viliuweka ugonjwa huo ndani ya kundi la wasiwasi, tangu 2013 Wamarekani wakaupa sura yake peke yake kitabuni. Lakini matibabu yanafanana: kumkabilisha na kile anachokiogopa kidogokidogo bila kumruhusu kurudia kuosha. Na zipo dawa, siyo za kichaa.

#16 MamaPachaJinja
Mnazunguka. Mtoto anaanguka shuleni, tena shule za bweni, tena wasichana. Kila mtu anajua ni mayembe, mapepo ya kurogwa. Shule ya jirani yetu walianguka wasichana 20 kwa wiki moja wakipiga kelele kwamba kuna mtu anawakaba. Hiyo nayo ni wasiwasi? Hata ule ugonjwa wa kucheka uliofunga shule Uganda zamani, mpaka leo wazungu hawajaupatia dawa.

#17 MswahiliWaTanga
Mama Pacha, ule wa kucheka ni wetu, msituibie. Ilikuwa Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika. Ulianza tarehe 30 Januari 1962 kwa wasichana watatu, wakafika 95 katika shule ya wanafunzi 159, na ikafungwa Machi 18. Nanyi mko karibu na mpaka, nakubali. Na haikuwa kucheka kwa raha, walikuwa wanacheka na kulia na kukimbia. Walipopimwa damu hakikuonekana kitu. Maelezo ambayo wengi wanayashikilia ni shinikizo la shule kali ya bweni juu ya watoto wasio na pa kulisemea.

#18 MamaPachaJinja
Kwa hiyo "hakikuonekana kitu". Asante kwa kunisaidia.

#19 BodaWaMbale
😂😂 Mama Pacha 1, Tanga 0.

#20 KlinikiYaMtaani
Mimi nina kliniki ndogo ya dawa, tusipigane. Shangazi, kabla ya yote, kuna mtu aliyemsikiliza mtoto moyo? Kwetu homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo bado ipo kwa watoto wa umri huo, na inaleta mapigo ya kasi na kuzimia. Tezi ya shingo pia. Na muulizeni kama shuleni wanakunywa vile vinywaji vya nguvu ili wakeshe. Nimeona wavulana wa S.4 wanatafuna mairungi wakati wa mitihani, kisha wanakuja mikono inatetemeka wanasema wamerogwa. Kama ni kijana aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI, ulizeni anatumia dawa gani, maana ile efavirenzi ya zamani ilikuwa inaleta ndoto mbaya na hofu.

Mimi sipingi wasiwasi. Lakini wapo pia wanaouona kila mahali.

#21 ShangaziWaKireka
Asanteni nyote, nasoma mpaka macho yanauma. Moyo ulipigwa picha, uko sawa. Damu sawa. Virusi hana, vinywaji vya nguvu hanywi, soda yenyewe anamwachia mdogo wake. Naomba mnieleze hivi vidonge vya usingizi, maana akivinywa anatulia kweli, na kaka anasema tuendelee.

#22 MuuguziWaMagharibi
Hapana, zungumzeni na daktari mapema. Kama ni diazepamu, inatuliza leo, lakini mwili unaizoea kwa wiki chache, na akiiacha hofu inarudi na dada zake. Tena inamfundisha kwamba bila kidonge hawezi. Karbamazepini nayo, kama bado anaitumia, asiikate ghafla hata kama mmeamua si kifafa. Ikiwa kumbe ni kifafa, kuikata ghafla kunaleta degedege baya. Na mtu mmoja anaweza kuwa na kifafa na hofu kwa pamoja, hakuna sheria inayokataza.

#23 AfandeBombo
Sasa kama vidonge si dawa, dawa ni nini? Mnaeleza ugonjwa kurasa tatu.

#24 MwanafunziWaTiba
Afande swali zuri. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2008, watoto 488 wa miaka 7 hadi 17. Baada ya wiki 12, waliopewa mazungumzo ya kubadili fikra na mazoezi ya kukabili hofu walipata nafuu asilimia 60, waliopewa dawa ya sonona na wasiwasi iitwayo setralini asilimia 55, waliopewa vyote viwili 81, na waliopewa kidonge kisicho na dawa 24. Hapa kwetu inayopatikana zaidi ni fluoksetini, ya kundi hilohilo. Inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na tangu 2004 Wamarekani wanaweka onyo kwamba wiki za mwanzo kijana aangaliwe kwa karibu, maana wachache hupata mawazo ya kujidhuru.

#25 MwalimuBusia
Na hayo mazungumzo ya kubadili fikra yanapatikana wapi Busia? Hapa kuna mshauri nasaha mmoja, ndiye pia anayefundisha jiografia. Ndiye mimi.

#26 KijanaWaNakivale
@MwalimuBusia mimi yalinipata chini ya mwembe. Dada mmoja wa kujitolea alinieleza kwamba nikipumua haraka sana hewa chafu inatoka mwilini kupita kiasi, njo maana vidole vinakufa ganzi na kichwa inazunguka. Si kufa. Kisha tukaenda kwenye foleni pamoja, siku ya kwanza tukasimama mbali tu tunaitazama. Siku ya pili nyuma ya mtu wa mwisho, dakika tano. Ilichukua miezi miwili mpaka nikachukua posho mimi mwenyewe. Bado inakuja, lakini sasa naiambia ngoja kwanza nichukue maharagwe.

#27 AfandeBombo
Hiyo ni kama tulivyofundishwa risasi. Unaanza mbali.

#28 BodaWaMbale
Afande amekubali, wekeni tarehe.

#29 AfandeBombo
Sijakubali. Nimesema inafanana.

#30 MkongweWaMengo
Watu wanasahau hata sheria yetu yenyewe ilikuwa ya vichaa tu. Mpaka leo tunatumia ile ya 1964, ya kumpeleka mtu mbele ya hakimu na kumfungia Butabika, hospitali ya akili. Mtoto mwenye hofu utampeleka kwa hakimu?

#31 MuuguziWaMagharibi
Mzee, ile ya 1964 ilishaondolewa na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018. Na Butabika yenyewe, tangu 1955 ilipofunguliwa, imebadilika, ina wodi ya watoto na vijana. Lakini neno lako lina uzito upande mmoja: jina bado linatisha. Nusu ya wazazi wangu wanaomba niandike "kichwa" kwenye karatasi ya shule.

#32 ShangaziWaKireka
Nimerudi. Muuguzi, nilifanya ulivyosema. Leo tukimenya matooke, baba yake hayupo, nikamuuliza kuna kitu gani anakikwepa. Akanyamaza, akamenya ndizi tatu nzima. Kisha akasema: mstari. Muhula wa kwanza aliitwa mbele asome tangazo, akatamka neno vibaya, shule nzima ikacheka mpaka walimu. Wiki iliyofuata alipokuwa amesimama mstarini kichwa kikazunguka akaanguka, wakacheka tena. Sasa anasema haogopi kusoma, anaogopa kuanguka. Usiku kabla ya kurudi anahesabu mistari iliyobaki mpaka mwisho wa muhula. Alijua idadi kamili, akanitajia.

Hakuna daktari aliyewahi kuambiwa hili. Wala mimi.

#33 MuuguziWaMagharibi
Ni hofu ya macho ya watu, kisha ikazaa hofu ya hofu yenyewe. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema, uende nayo kliniki.

#34 MwalimuBusia
Mimi naona ni kuchekwa, siyo ugonjwa. Ongeeni na mwalimu wa zamu kwanza. Walimu waliocheka waombe radhi.

#35 MamaPachaJinja
Na aliyemcheka wa kwanza ni nani? Fuatilieni. Sisemi zaidi.

#36 ShangaziWaKireka
Jumatatu anatakiwa arudi. Kaka anasema abaki nyumbani wiki moja apumzike. Mnaonaje?

#37 MuuguziWaMagharibi
Wiki moja itageuka mbili. Kila siku anayobaki, mlango wa shule unazidi kuwa mrefu.

#38 KlinikiYaMtaani
Abaki mpaka aonwe tena na daktari. Akianguka kwenye zege safari hii?

#39 KijanaWaNakivale
Mpelekeni Jumatatu lakini mchana, mstari ukiwa umekwisha. Na muombe shule asimame nyuma kabisa, karibu na ukuta, wiki ya kwanza.

#40 ShangaziWaKireka
Mchana. Hilo hata sikuliwaza. Nitampigia matroni kesho.

#41 BodaWaMbale
Shangazi, niko Kampala mpaka Jumanne. Kireka hadi Mukono nawapeleka kwa bei ya ndugu, ila Afande asipande, atataka kukaa anatazama nyuma.